Kuku wa Mshindi

“Namba wani ni mimi, mathe!” Mutheu alimwambia mama aliyeketi naye kwenye basi, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. “Ile ripoti yangu ya mitaro ya Kibera imeshinda mashindano ya wanahabari! Mwalimu wetu wa uandishi wa habari aliipa D, akasema ni udaku. Na yeye pia aliingia hayo mashindano, akakuwa wa pili!”

“Anaitwa nani?”

“Irungu.”

Mama akamtazama kuku aliyempakata kutoka Soko la Toi. “Huyo ni bwanangu. Ametuambia ameshinda, ndio nikamnunulia huyu.”

Mutheu akakumbuka mtihani wake wa mwisho bado uko kwa Irungu, haujasahihishwa. “Mathe, tafadhali usimwambie!”

Basi likasimama Kawangware. Mama akashuka akicheka. “Kesho panda hii hii, nikuambie kama huyu kuku alimshuka kooni.”