Sufuria la Kanisa kwenye Hitima ya Jirani

Bwana asifiwe! Naona upande wa kushoto wameitika nusu. Bwana asifiwe tena! Hapo sawa. Mimi huwa sipokei nusu.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Tina, muuza nguo za kalamidade pale sokoni, ile mitumba inayokuja kwa marobota. Wengi humu mmeshavutana bei na mimi mkaondoka mkidhani mmeshinda. Mungu awabariki. Leo sikuja kuuza. Nimekuja kusema Bwana alikonitoa, na kwamba sikutoka peke yangu.

Kwanza mjue nilivyokuwa. Kazi yangu ilinifundisha kwamba tundu la shati alitafute mnunuzi, muuzaji kazi yake ni kukunja vizuri. Sikudanganya mtu, nilikunja tu. Na nilikuwa nimeokoka, naimba kwaya, sauti ya pili. Sikuona kama Yesu ana shughuli yoyote na marobota yangu.

Vita ilipoingia Palma nilikimbia na nguo niliyovaa, Tina mgongoni. Wengi wenu mlikimbia pia, siwaelezi mnachokijua. Nilifika hapa Quitunda miguu imevimba. Nyumba hizi za bloko zote sura moja, basi nikabisha ya kwanza, kimya. Nikabisha ya pili, kimya. Ya tatu akatoka mama wa Kiislamu, mtu wa pwani hasa, anaitwa Bi Somoe. Mimi Mmakonde wa kule juu, msalaba shingoni. Hakuniuliza nasali wapi. Alisema, "Ingia, mtoto analowa." Tukaishi sakafuni kwake, mimi na mwanangu, yeye na mumewe mzee Sufo, na watu wengine ambao majina yao siyajui hadi leo. Mambo yalipopoa nikapanga nyumba jirani naye, na hapo nipo.

Sasa mzee Sufo akafariki, kabla ya Pasaka hii iliyopita. Ikaja hitima ya siku ya tatu. Wageni wengi, wengine kutoka Mocímboa, na masufuria ya jamaa zao hayakutosha. Kanisa letu lina masufuria matatu makubwa, mnayajua, tuliyachangia wenyewe. Bi Somoe yuko ndani amekaa eda, akaniita.

"Mama Tina, masufuria yenu safi? Maana nyinyi watu wa juu nawajua na mambo yenu."

"Mambo gani, shoga yangu? Safi kuliko mashati yangu."

"Mashati yako nayajua. Nakuuliza masufuria."

"Safi, Bi Somoe. Mungu shahidi."

Nikaapa, ndugu zangu! Krismasi nilikuwa Mtwara kufuata mzigo. Kilichopikwa hapa sikukiona na sikuuliza. Lakini muuzaji akiulizwa bidhaa hujibu kwanza, kuangalia baadaye.

Siku ya hitima wanawake wa kanisa tulikwenda kusaidia. Wali unachemka, mimi na Dona Amélia, kiongozi wetu wa kwaya, tunamenya vitunguu. Mara akaacha kisu.

"Mama Tina, lile sufuria la mkono uliopinda limefikaje hapa?"

"Nimelileta mimi. Kwani?"

Akasogea sikioni. "Ndilo walilopikia yule nguruwe pori aliyeletwa na ndugu yetu kutoka Olumbi. Ile Krismasi."

Namshukuru Mungu kwa vitunguu, maana machozi yalinitoka na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Kwetu sufuria likisuguliwa limekwisha, pikia chai. Kwa jirani zetu sivyo. Nguruwe akiingia chomboni, chombo kimenajisika, na kilichopikwa humo hakiliwi. Na hiki kilikuwa chakula cha kumwombea marehemu wao! Tena tunaishi mahali ambapo watu wamekufa na dini ikatajwa. Neno moja likitoka vibaya pale uani, kesho hakuna Mkristo anayechota maji pamoja na mtu wa pwani.

Dona Amélia akasema, "Nyamaza. Moto umeshaua kila kitu."

"Kama moto unaua haramu, wangekula na nguruwe mwenyewe."

"Basi sema wewe. Mimi sijui kitu, mimi niko kwenye vitunguu."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaanza kuvutana bei na Mungu. Nikamwambia, Bwana, sikujua, kwa hiyo si dhambi. Kimya. Nikapanda kidogo: nitamwambia, lakini eda ikiisha. Kimya. Nikapanda tena: nitamwambia leo hii, wakishakula. Ndugu zangu, nimevutana na wenye maduka wa Mtwara, nimevutana na madereva wa malori, sijawahi kukutana na mtu asiyeshusha hata kidogo! Kila bei niliyotaja, jibu lilikuwa mama mmoja mlangoni anasema ingia, mtoto analowa. Mama huyohuyo ndiye niliyetaka kumlisha najisi kwa sababu naogopa kumpoteza.

Nikarudi, nikamwambia Dona Amélia, "Mtu asipakue. Ng'ang'ana na huo mwiko, hata wakikutukana." Nikakimbia kwa mchungaji.

Nilimkuta anagongelea benchi lililovunjika. Nilitegemea aniambie nenda ukatubu, funga mlango. Aliweka nyundo chini akauliza, "Sufuria ni la nani?"

"La kanisa."

"Basi waliokosea ni kanisa. Waite waliopo. Na ule mchele wetu wa Pasaka, utoeni."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua! Niliondoka pale uani mmoja, nikarudi na watu nyuma yangu. Wazee wa kanisa, kina mama, hata yule ndugu mwenye nguruwe wake, uso ameinamisha, gunia begani. Yeye ndiye aliyebeba, hatukumwachia nafasi ya kukataa.

Mchungaji akabaki nje na mwalimu wa msikiti. Mimi nikaingia kwa Bi Somoe, maana mdomo ulioapa ulikuwa wangu. Nikakaa mkekani nikamwambia yote, bila kukunja.

Nje ndiko kulikowaka. Bwana Abdala, mdogo wake marehemu, aliyetoka Mocímboa, alipaza sauti. "Wamekuja kutunajisi msibani! Si niliwaambia? Hawa watu si wa kukaa nao!" Nikasikia sufuria limepigwa teke. Nikasikia na watu wananyanyuka. Nikamtazama mwanangu Tina aliyekuwa amekaa na wajukuu wa Bi Somoe, nikaona jinsi ya kukimbia tena sina.

Ndipo Bi Somoe akainua sauti kutoka ndani, mjane mwenye siku tatu za kulia, sauti imekauka. "Shemeji! Nani kakwambia kama ni najisi? Nakuuliza, ulijua wewe? Wameniambia wao. Wangenyamaza, saa hizi unashukuru na kulamba vidole."

Mwalimu akauliza kama kuna aliyekula. Bado. Akasema, basi wali umwagwe, masufuria yaoshwe mara saba, mara moja kwa udongo, na wenye mchele wapike upya. Akamgeukia Bwana Abdala. "Wewe simamia, uhesabu."

Tukaosha, Waislamu wanamwaga maji, Wakristo tunasugua. Bwana Abdala anahesabu kwa sauti kama karani wa bandari. Mimi nami nahesabu. Tukatofautiana kwenye ya nne, tukaanza upya. Kwenye kuanza upya akacheka, hakupenda, kicheko kilimponyoka tu. Hitima ikasomwa jua limeshapinda, na watu wakala wali wa Pasaka yetu. Pasaka sisi tulikula mihogo. Aliyelalamika alikuwa mmoja, na tulimpa kazi ya kumenya.

Nilipokuwa natoka, Bi Somoe alinishika mkono. "Mama Tina, umenitia aibu mbele ya wageni wangu. Kesho uje mapema, nguo za marehemu zinataka kukunjwa." Nikaenda. Nilikunja kanzu zake mzee Sufo, na zilizokuwa na matundu nikamwonyesha.

Bwana alinitoa kwenye woga, ndugu zangu. Ule woga wa kupoteza mtu, mteja, jina. Niliuita akili ya biashara, kumbe ulikuwa umenifunga. Na alinitoa kwa mikono ya mchungaji aliyeweka nyundo chini, ya ndugu aliyebeba gunia, na ya mjane wa dini nyingine aliyenitetea. Namshukuru Yesu kwa wote, na simpunguzii hata mmoja.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi upande wa msikiti. Bwana Abdala, ambaye tangu msiba hajarudi Mocímboa, alikuja mwenyewe hapa kanisani kuazima masufuria. Akasimama mlangoni, kofia kichwani, akaniuliza.

"Yamepikiwa nini?"

"Maharage, Jumapili. Na wali."

Akajitwisha la kwanza, akaondoka nalo.

Sasa wewe uliyekaa humu na neno limekukwama, hujui uanzie mlango gani. Mwamini Yesu, yeye hatakulaghai. Na usiende peke yako. Tuambie ni nyumba ipi, tutavaa viatu, twende wote.