Flashi Mbili za Mama Clare

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko mbali asubuhi hii, isogezeni kidogo. Leo tunamkumbuka Ndindi Muoki, ambaye wengi mlimwita Mama Clare. Aliuza laini za simu Kayole, kando ya Spine Road, kwa miaka kumi na tisa. Alizikwa Jumanne, kwao Machakos.

Kibanda chake kilikuwa mwavuli na kiti kimoja. Alipoanza, wateja wake karibu wote walitumia kampuni moja. Dakika moja ilikuwa ghali. Kwa hiyo nyumbani kwake palikuwa na sheria: ukifika salama, piga flashi mbili. Simu ilie, ukate. Ilie tena, ukate. Maana yake nimefika, usipokee.

Kisha kampuni nyingine zikaja. Bei ikashuka. Ile ya kwanza nayo ikashusha. Mama Clare akawafundisha watu kutumia laini mbili, na baadaye kuhamia kampuni nyingine na namba zao zilezile. Jirani yake Adongo, muuza mitumba, alisita.

"Wee Adongo, kampuni si mume. Ikikuudhi, hama."

"Mama Clare, hata mume nilimhama."

Akahama siku hiyo hiyo. Siku hizi huongea na dada yake aliye Siaya mpaka sikio linapata moto.

Lakini kuna jambo linanichanganya. Linamchanganya pia Clare, bintiye. Mama aliyewafundisha wengine kuongea kwa bei nafuu, yeye mwenyewe hakuacha flashi mbili.

Siku yake ya mwisho alienda kliniki Njiru, kifua kikimbana. Saa nne asubuhi, simu ya Clare ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Mama amefika. Clare akaendelea na kazi. Kufikia saa sita, mama alikuwa ameaga dunia.

"Simu yake ilikuwa na dakika mia moja na arobaini hazijatumika," Clare aliniambia. "Mbona hakuniacha nipokee? Na mimi, mbona sikumpigia? Labda ni mazoea. Sijui. Nikifikiri, narudi palepale."

 

Clare, pole. Familia yote ya Muoki, poleni sana, Mungu awafariji. Nawe msikilizaji, leo mtu wako akikupigia flashi, hata kama unajua anachosema, mpigie. Muulize amekula nini. Dakika unazo.