Wathome Musyoka, Aliyeuita Mwamba Mchanga

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Jericho, wenzake wa kazi, na ninyi mliosimama nje ya madirisha kwa kuwa viti vimekwisha, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Familia imekubaliana kwamba historia hii isomwe bila kupambwa, kwa sababu marehemu alihudhuria mazishi mengi maishani, akasikia wachoyo wakiitwa wakarimu na wagomvi wakiitwa wapatanishi, na kila mara alirudi nyumbani akimwambia mkewe, "Mama Musyoka, siku yangu ikifika, wasome yaliyotokea tu, yanatosha."

Marehemu Wathome Musyoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Mbooni, wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa pili wa hayati Musyoka Ndambuki, mchongaji wa vinyago aliyeacha patasi akaajiriwa na reli, na hayati Nthoki, na mwaka wa 1946 familia ilihamia Nairobi, ikaishi Makongeni katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa reli, ambako mtoto huyu alijua saa kwa king'ora cha karakana kabla hajajua kusoma herufi hata moja.

Alianza shule hapo Makongeni Januari 1947, na kwa kuwa watu wengi wanaosomewa historia zao hawakuwahi kuanguka mtihani, ni vyema isemwe kwamba huyu alianguka wa darasa la nne, mwaka wa 1950, akarudia darasa, kisha akapelekwa Mbooni kwa nyanya yake na kumaliza masomo ya kati Desemba 1956, huku alama zake za hesabu zikiwa za kawaida kabisa, ila mwalimu wa jiografia alilichukua daftari lake la ramani na hakulirudisha hadi leo.

Tarehe 3 Juni 1957 aliajiriwa katika ofisi moja ya ramani mjini Nairobi, kazi yake ikiwa kupeleka barua na kuosha kalamu za wino, mwaka wa 1961 akaruhusiwa kushika kalamu hizo badala ya kuziosha, mwaka wa 1964 akawa mchora ramani kamili, na mwaka wa 1971 alipelekwa kwenye kozi ya miezi tisa ya kusoma picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege, akarudi akiwa na cheti na tabia ya kutazama kila kitu kutoka juu, hata sufuria ya muthokoi.

Alifunga ndoa na Kamene, ambaye ndiye mjane wake mnayemwona mbele, siku ya Jumamosi tarehe 7 Desemba 1963, wakahamia mtaa wa Jericho, papo hapo Nairobi, mwaka wa 1966, na Mungu akawajalia watoto watatu, Musyoka, Nthoki na Kathini, ambao hakuwahi kuwachapa lakini aliwafundisha kukaa kimya kwa saa nzima, jambo ambalo kwa maoni yao lilikuwa gumu kuliko kuchapwa.

Sasa inafaa ielezwe kazi iliyompa marehemu sifa, na iliyomnyima usingizi. Mwezi wa Februari 1992, wakati maji ya pwani yanapokuwa maangavu, ndege ilipita juu ya kipande cha ufuo wa kusini ikipiga picha za rangi, ili ichorwe ramani ya sakafu ya bahari pale maji yalipo mafupi, ijulikane wapi kuna matumbawe, wapi nyasi za baharini, wapi mchanga mtupu. Ndege hiyo ilipiga picha zikipandana, yaani kila picha ilirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia, na marehemu alizilaza mbili mbili chini ya lenzi, jicho hili likitazama picha hii na jicho lile ile ya pili, mpaka sakafu ya bahari ikainuka mbele yake kana kwamba angeweza kuipapasa. Hivyo ndivyo mtu asiyejua kuogelea, ambaye hata beseni la kuogea aliliingia kwa tahadhari, alivyokaa kwenye kiti mjini Nairobi akaijua bahari kuliko wengi waliozaliwa kando yake.

Kila picha ya namna hiyo ina doa jeupe mahali jua linapong'aa juu ya maji, na doa hilo hufuta kila kilicho chini yake, lakini kwa kuwa ndege inasonga, katika picha ya pili doa huwa limehama, na kilichofichwa huku huonekana kule. Kwa sababu hiyo marehemu aliwafundisha vijana wa ofisi sheria moja, kwamba mtu asichore kamwe kwa jicho moja, yaani kwa picha moja tu, na vijana waliichoka sheria hiyo kwa jinsi alivyoirudia.

Basi mwezi wa Machi 1993, akiwa ametimiza miaka hamsini na mitano na amebakiza siku tisa astaafu, alifika kwenye kona ya mwisho ya karatasi namba nne ya ramani hiyo, akafungua jalada, akakuta picha namba ishirini na saba haipo. Alimwuliza msaidizi wake, Bwana Gitonga, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu haya yasomwe, naye akajibu bila kumtazama machoni, "Iko maabara, Mzee, watairudisha." Nakala nyingine ingechukua wiki tatu kutolewa. Marehemu alitaka kuondoka akiwa amemaliza, si mtu wa kuacha kona ya karatasi ikiwa tupu kama jino lililong'olewa, kwa hiyo alichukua picha ishirini na sita peke yake, akaona pale konani ni peupe, akapaka rangi ya mchanga, akatia sahihi. Alichora kwa jicho moja.

Tarehe 31 Machi 1993 ofisi ilimfanyia sherehe ya kumuaga, kukawa na soda, hotuba tatu na keki, na zawadi yake ikawa picha ya bahari iliyotiwa fremu nzuri na fundi wa Majengo, picha ambayo wenzake waliichagua kwa sababu ndiyo iliyopendeza kuliko zote, na kwa siri, ili asiharibiwe furaha ya kushtukizwa. Aliitundika sebuleni, mkabala na kiti chake.

Jumapili tarehe 6 Juni 1993, baada ya ibada, jirani yetu Teresiah aliingia kuazima chekeche ya unga, akasimama mbele ya ile picha huku mkono kiunoni, akasema, "Baba Musyoka, bahari yenu ni nzuri, lakini hapa konani mbona imeota tetekuwanga?" Marehemu alicheka, akainuka amwonyeshe jirani kuwa hajui kusoma picha, akasogea, akaacha kucheka. Aliivua fremu ukutani, akaigeuza, na nyuma yake, kwa penseli, palikuwa pameandikwa ishirini na saba. Palipokuwa na doa jeupe katika picha ile nyingine, hapa palikuwa peusi, pana chembechembe, matumbawe mazima mazima, upana wa uwanja wa mpira na zaidi. Chakula cha mchana siku hiyo kilipoa mezani.

Kosa hilo lingebaki aibu ya mtu mmoja kama si gazeti la Agosti mwaka huo, lililotangaza kwamba wenye hoteli moja watachimba mfereji wa mashua kupita "eneo la mchanga kwa mujibu wa karatasi namba nne." Mashine ingeingia ndani ya mwamba hai, na sahihi iliyo pembeni ya karatasi ilikuwa ya Wathome Musyoka. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja tu, kuisahihisha ramani ile kabla mashine haijafika, na baadaye, kabla yeye mwenyewe hajaondoka.

Aliiandikia ofisi yake ya zamani barua saba. Ilijibiwa moja, na mkuu mpya wa sehemu, Bwana Thuo, alimweleza kwa heshima zote kwamba ramani imeshachapishwa, imeshasifiwa, na kwamba picha moja ukutani kwa mstaafu si ushahidi wa kiofisi. Hata majirani walimhurumia kwa namna yao, wakimwuliza dukani, "Mzee, kwani samaki watakushtaki?" naye akajibu kwamba samaki hawawezi, ndiyo maana.

Machi 1994 alikata tiketi mbili za treni, ya kwake na ya binti yake Nthoki, akanunua sokoni Kariokor viatu vya tairi vya kukanyagia mwamba, na asubuhi ya tarehe 28, bamvua ilipoyavuta maji hadi mbali, akatia mguu baharini kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na sita. Aliongozwa na mama mmoja wa hapo, Raho, mvuaji wa pweza, ambaye alimtazama akitetemeka maji yakiwa magotini, akasema, "Ati wewe ndiwe uliyeichora bahari? Pole, baba, si utume mtu mwengine tu?" Walipofika mahali penyewe, Nthoki akiwa na dira mkononi na marehemu akiwa ameshika fimbo ya Raho kwa mikono miwili, alimwambia yule mama kwamba kwenye ramani hapa pameandikwa mchanga. Raho alicheka mpaka akashika mbavu. "Mchanga! Mchanga huu umenikata nyayo tangu ni msichana. Haya, kama ni mchanga, vua viatu ukimbie." Marehemu hakuvua viatu. Aliinama, akatia uso majini kama mtu anayenawa, akafungua macho, akainuka akikohoa maji ya chumvi, akamwambia binti yake aandike, "Matumbawe. Hai. Nimeyaona kwa macho mawili."

Alipowapelekea maandishi hayo, ofisi ilisema amekagua bila kibali. Mashine haikuja mwaka huo, wala uliofuata, si kwa sababu ya hekima ya mtu yeyote, bali kwa kuwa wenye hoteli waligombana wao kwa wao, na nyumbani kwetu ugomvi huo uliombewa uendelee, jambo ambalo mchungaji atatusamehe.

Oktoba 1995 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagunduliwa kwamba figo zake zinashindwa, akawa mtu wa kuingia wadi na kutoka, macho yakafifia, lakini kila mgeni aliyemletea maziwa aliulizwa kwanza habari za karatasi namba nne. Januari 1997 ilisikika kwamba wenye hoteli wamepatana, na mashine itaingia majini Julai.

Hapo ndipo Bwana Gitonga alipofanya jambo ambalo familia haitalisahau. Alikaa, akaandika kwa mkono wake kwamba picha ishirini na saba haikuwa maabara, kwamba yeye ndiye aliyeitoa katika jalada akaipeleka kutiwa fremu, na kwamba mzee alichora bila picha iliyopaswa kuwepo, akaiweka barua hiyo mezani kwa Bwana Thuo akijua inaweza kumfukuzisha kazi. Alipewa onyo kali. Lakini ofisi ikiwa imekubali kwamba jalada lilikuwa pungufu, haikuweza tena kukataa kulifungua, picha ikatolewa nakala, watu wakatumwa kwa mashua, wakakuta yale aliyoyakuta Raho tangu usichana wake, na Bwana Thuo, tumpe haki yake, alisimama mwenyewe kwenye mtambo mpaka karatasi ikachapishwa upya.

Ijumaa tarehe 13 Juni 1997 Bwana Gitonga aliingia wadini akiwa ameikunja karatasi hiyo chini ya koti, na kwa kuwa marehemu hakuweza kuinuka, aliinyanyua juu ya kitanda dhidi ya mwanga wa dirisha, mzee akaitazama bahari kutoka chini, muda mrefu, midomo ikisogea, akihesabu mwamba wake. Kisha akasema, "Rangi ya matumbawe mmeiweka kali."

"Mzee, si ushukuru tu."

"Nimeshukuru. Lakini ni kali." Akamshika Gitonga mkono, akaongeza, "Na ile fremu, umenisikia, ilikuwa zawadi nzuri." Bwana Gitonga aliyafuta macho kwa mkono wa koti, akidai ni vumbi, na wadi ile ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu uliopita.

Siku tatu baadaye wenye hoteli walipewa barua ya kuuhamisha mfereji hadi kwenye mchanga wa kweli, na tangu aliposomewa habari hiyo marehemu hakuuliza tena, alilala bila kuweweseka, akala uji wote, akamtania muuguzi kwamba kofia yake ikitazamwa kutoka juu ni kisiwa. Alifariki Jumatano tarehe 18 Juni 1997, saa kumi na moja alfajiri, mkewe Kamene akiwa kando yake, na wale waliomwona wanasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza zamu. Tunalia, lakini tukisema tumevunjika kabisa tutakuwa tumedanganya mbele yake, kwa maana tuliogopa kwa miaka minne kwamba ataondoka akiwa na ule mzigo, na hakuondoka nao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya figo, waliovumilia kuulizwa maswali ya ramani, majirani wa Jericho waliopika na kufua bila kuombwa, hasa Teresiah, ambaye jicho lake ofisi ingeliajiri, Mama Raho wa pwani aliyetuma salamu na pweza mkavu, wenzake wa kazi wote, Bwana Thuo, na Bwana Gitonga ambaye kuanzia leo ni mwana wa nyumba hii.

Baba Musyoka, karatasi imetoka, mfereji unapita pengine, na mwamba upo mahali pake, unaendelea kukua. Pumzika sasa, kwa amani.