Mkaja Wangu na Sindano ya Mafua

Wenzangu, nyie ndio watu wangu. Yale nisiyoweza kuyasema mtaani huja kuyasema hapa, tukishafunga misahafu na kabla kahawa haijapoa. Assalamu alaykum. Ustadhati, mwalimu wetu, kanambia leo nisimame mie, na nimesimama, ila kwa aibu, maana ninalokuja nalo si la kujisifu. Nakuja na habari ya wivu. Wivu wa mwanamke kwa mwanamke. Na si mke mwenzangu, msinitazame hivyo! Mume wangu nnaye peke yangu, Alhamdulillahi. Ni mkwe mwenzangu, mama yake mume wa binti yangu.

Mnajua kwetu kulivyo. Binti akizaa mtoto wa kwanza, hurudi kwao akakaa arubaini yake kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda kwa maji moto, anayempikia uji wa pilipili manga, anayemfunga mkaja ili tumbo lirudi. Hata siku ya kuposwa, kuna zawadi anayopewa mama peke yake, na jina lake ni hilo hilo, mkaja, kwa ajili ya tumbo alilofungwa yeye alipomzaa huyo bibi harusi. Sasa niambieni, hiyo si haki? Mie mkaja wangu ni ule ule wa kitambaa cheupe cha bafta alionifunga marehemu mama yangu. Nliutoa sandukuni, nkaufua, nkaufukiza udi, nkauweka juu ya mto. Chumba cha uani hapa Amani nkakipiga chokaa. Nlikuwa nshakaa tayari kama mtu anayesubiri mgeni wa Idi.

Mtoto akaja kabla ya wakati wake. Mwanamme, jamani, lakini mdogo! Ukimtia kwenye kanga humuoni alipo. Wakamweka chumba cha watoto njiti, tukawa tunamwona kwa kioo. Binti yangu akabaki naye huko huko, tukasema arubaini tutaihesabu siku wakitoka. Alipoanza kupata nguvu, daktari akatuita sote: baba mtoto, mkwe mwenzangu, na mie. Daktari mwenyewe mwanamke mtaratibu, anasema kwa sauti ya kumlaza mtoto.

"Mapafu yake bado machanga," akasema. "Na yeye ni mdogo, hawezi kuchanjwa chanjo ya homa ya mafua. Kwa hiyo nawaomba wachanje wale watakaokaa naye na kumbeba. Msimletee nyie homa hiyo."

Ndugu zangu, nawaambia, katika maneno yote yale mie nlisikia neno moja tu: mafua. Nkacheka, tena mbele ya daktari.

"Mafua haya ya kupenga kamasi? Nimezaa, nimelea, mafua nimeyaponya kwa tangawizi na ndimu. Leo nidungwe sindano kwa ajili ya kamasi?"

Mkwe mwenzangu hakucheka. Yeye Hajjati. Na hapo ndipo wivu ulipoanzia, niseme kweli. Yeye kila kitu keshakifanya. Hija keshakwenda. Nyumba yake Mji Mkongwe, ya ghorofa, ina ngazi za mbao na baraza ndani. Kitanda chake kina nakshi. Akajibu pale pale, taratibu, na buibui lake halina hata kunyanzi moja: "Mie tulipokwenda Hija tulichanjwa hiyo. Lakini naambiwa ni ya kila mwaka. Nichanjeni tena."

Nkajisemea moyoni, mwone anavyojipendekeza kwa daktari.

Wakachanja, yeye na mwanawe na binti yangu. Mie nkabaki. Binti yangu akawa ananipigia simu.

"Mama, leo unaweza kwenda kuchanja?"

"Leo Alkhamis mwanangu, nimefunga."

"Kesho basi."

"Kesho Ijumaa. Nina wageni baada ya sala."

"Jumamosi?"

"Jumamosi nina darasa."

"Jumatatu, mama."

"Jumatatu nimefunga!"

Mnacheka. Nyie mnaofunga Jumatatu na Alkhamis pamoja na mie mnajua nafunga kweli. Lakini wiki zile nlifunga mpaka siku nisizozifunga. Na woga wangu ulikuwa na sababu yake. Jirani mmoja alinambia shemeji yake alidungwa kabla ya safari ya Umra, akalala na homa. Nkashika hilo, sikuliachia.

Siku mtoto aliporuhusiwa kutoka, nlikuwa nimekwisha kutandika shuka mpya na maji yamo jikoni. Simu ikalia.

"Mama," binti yangu akasema, na kwa sauti yake nlijua kuwa kashalia kabla ya kupiga. "Usinielewe vibaya. Daktari kasema wale waliochanja. Mie n'takwenda ukweni."

"Ukweni? Arubaini yako?"

"Mama, ni mapafu yake."

"Na mkaja?"

Nkakata simu mie. Nkaenda jikoni, nkayamwaga yale maji.

Tangu hapo, ndugu zangu, sikulala vizuri wala sikula vizuri. Mkwe mwenzangu kazi yake ikawa kutuma picha. Picha ya mtoto mapajani kwake. Picha ya mtoto kapakwa wanja. Picha ya bakuli la uji. Uji! Nkaikuza picha ya ule uji kwa vidole nione kama umekolea. Umekolea, bibi wee, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Chini yake kaandika, "Mjukuu wetu anakusalimu." Wetu! Nkasema, huyu ananitia chumvi kwenye kidonda.

Na mtaani nako hakukaliki. Nimekwenda dukani kununua sukari, mama mmoja kanishika mkono: "Bi mkubwa, nasikia mwanao kazaa. Arubaini anakaa ukweni? Kwani mama yake yuko safarini?" Na anajua fika kuwa sina safari, kwa kuwa kila siku ananiona.

Nkenda kuwatazama. Nkapanda zile ngazi, na mkaja wangu nimeutia mkobani. Mkwe mwenzangu akanipokea mlangoni.

"Karibu bi mkwe, karibu pita. Lakini samahani, vaa barakoa hii, na mtoto tumtazame kutoka pale kwenye kiti."

"Mjukuu wangu nimtazame kama picha?"

"Si mie, bi mkwe. Ni daktari."

Binti yangu kalala kitanda cha nakshi, ananitazama kwa jicho la kuniomba. Kiuno chake kimefungwa. Nkaona kitambaa kwa mbali, nkageuza uso. Nkasema moyoni, keshamfunga mkaja wake, kamaliza, hata hilo kaninyang'anya. Sikumaliza chai. Nkateremka ngazi huku machozi yananishuka chini ya barakoa, na mkaja wangu bado mkobani.

Basi nataka mjue kilichonipeleka kuchanja. Si elimu, wala hekima. Ni wivu. Nlisema, kama sindano ndiyo iliyompa yule mjukuu wangu, basi nami nidungwe hata kumi.

Lakini siku nliyoamua ilikuwa Jumatatu na nimefunga kweli. Nkaja hapa kwa ustadhati, huyu hapa aliyekaa, nkamwambia, nataka kuchanja lakini saumu yangu. Akanijibu mbele ya mswala wake: "Sindano hiyo si chakula wala kinywaji, haikuharibii saumu. Na kama una shaka, nenda kesho, kesho hufungi. Lakini bibi, usimsingizie Mola woga wako."

Ustadhati, unakumbuka? Anatikisa kichwa, anakumbuka. Nlitoka hapa nimenywea kama kanga iliyorowa.

Kesho yake nkenda kwenye kituo tulichoelekezwa na daktari, maana chanjo hii kwetu haiko kila mahala, wengi wanaoijua ni wanaosafiri Hija. Muuguzi akaniuliza, "Mama, unasafiri?"

"Sisafiri."

"Basi sababu ya kuchanja?"

"Wivu," nkamwambia.

Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Nkamhadithia yote. Akanambia: "Mama, wewe umechanganya majina. Mafua ya kupenga ni kitu kimoja, yanakuja yanakwenda. Hii ni homa ya mafua. Hii inamlaza mtu mzima chali. Mtoto njiti ndio usiseme." Nkamwuliza kama sindano itanitia homa hiyo. Akasema haiwezi kunitia ugonjwa wenyewe, ila mkono utauma na pengine mwili utachoka siku moja mbili. Nkamwambia, haya, dunga, leo jioni nkambebe mjukuu wangu.

"Leo jioni? Mama, kinga haiji leo. Subiri kama wiki mbili. Na hata ikija haizuii kila kitu, inapunguza. Ukiwa na kikohozi usimsogelee."

Wiki mbili! Nlitaka kulia palepale kwenye kiti.

Na ndani ya hizo wiki mbili, ndugu zangu, ndipo Mungu alipolifungua jicho langu. Mume wangu alirudi kutoka kazini mchana, kitu asichokifanya. Mnamjua, mtu wa miraba minne, gunia analipandisha begani bila kuvuta pumzi. Akalala kwenye kile chumba cha uani, maana ndicho chenye hewa. Kwenye shuka zile mpya. Nkadhani kachoka. Nkampelekea chai, kikombe kikamshinda mkononi, kikamwagika. Mwili ni moto, kifua kinapiga kama mtu aliyekimbia. Tukampeleka hospitali, wakasema ni homa ya mafua, wakampa dawa, tukamrudisha kitandani chumba kile kile. Siku nzima ananitazama tu, hata jina langu halimtoki.

Nkakaa kwenye kiti mlangoni, barakoa usoni, nkamtazama. Na nkamwona mjukuu wangu. Kwenye kitanda kile kile! Maana pale ndipo nlipomtandikia. Kama ningepata nlilolitaka, kama binti yangu angelinisikiliza, mtoto yule wa kupotea ndani ya kanga angekuwa humu, na mzee huyu angeingia kumbusu kwenye paji la uso kabla hajajua kuwa anaumwa. Mtu wa miraba minne kashindwa na kikombe. Yule angeshindwa na nini?

Nkainama pale pale nkasujudu. Wivu wangu wote ukapoa kwa hofu.

Nkampigia simu mkwe mwenzangu. Mara ya kwanza kumpigia mie.

"Naam, bi mkwe. Kheri?"

"Bi mkwe, mzee wangu anaumwa homa ya mafua. Siji huko. Na... ahsante kwa kunizuia mlangoni."

Akasema: "Mie nlidhani umenichukia. Kila nikituma picha hujibu. Nlikuwa natuma usije ukaona nakuficha mjukuu wako."

Nkasema, "Nlikuchukia. Kidogo."

Akacheka. "Hata mie ningechukia. Bi mkwe, nataka kukwambia kitu. Binti yako sijamfunga mkaja. Nimemfunga leso tu, ashikwe kidogo. Mkaja ni wa mama yake. Nakusubiri."

Mzee alipona, Alhamdulillahi, na sasa ameshasema mwaka ujao anadungwa yeye wa kwanza. Wiki zilipotimia na sote hatuna hata chafya, nkapanda ngazi zile tena. Mkwe mwenzangu akanipa mtoto mikononi, kisha akaniletea maji moto mwenyewe. Nkamkanda mwanangu. Nkamfunga mkaja wa mama yangu, yeye kashika ncha moja, mie nyingine, tukavuta pamoja. "Kaza, bi mkwe," ananambia. "Unamfunga mzazi au unamfunga mzigo wa kuni?" nkamjibu. Binti yangu anacheka na kulia.

Namshukuru daktari wa sauti ya taratibu, na muuguzi aliyenivumilia, na ustadhati aliyenikemea. Na mkwe mwenzangu, aliyelinda mapafu ya mjukuu wangu na haki yangu kwa pamoja, nami namwonea gere. Bado namwonea, nisiseme uongo. Uji wake unakolea kuliko wangu. Lakini sasa wivu wangu namwambia usoni, na yeye ananipakulia.

Mwenye mtoto mchanga nyumbani, au mzee, au mtu wa pumu, amuulize daktari wake mapema, asingoje kama mie. Na nyie mlionisikia, nina ombi. Kayapelekeni haya kwa mabinti zenu na wakwe zenu, hata kwa yule mama wa dukani. Lakini tafadhalini, mkifikisha msiseme "chanjo ya mafua", watacheka kama nilivyocheka mie. Semeni homa ya mafua. Anzeni na homa.