Fundi Aliyelifungua Sinki la Wodi ya Watoto Wachanga

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa mabomba anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye faili wanalijua wachache. Sisi tunamwita Mzee Koki, kwa sababu akiingia wodini husalimia mabomba kwanza, wagonjwa baadaye, na madaktari akikumbuka.

Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akasomea ufundi huku akifanya kazi, hadi akawa mkuu wa karakana. Mkewe anatukumbusha kwamba bomba la jikoni kwao linavuja tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi.

Kila Jumatatu alifungulia mabomba ya vyumba visivyotumika na kuyaacha yatiririke dakika tano. Katibu wa hospitali akamwandikia barua ya onyo kwa kupoteza maji. Mzee akamkaribisha glasi ya maji yaliyolala bombani wiki tatu. Katibu aliitazama rangi yake, akachukua barua yake, akaenda zake.

Lakini kazi kubwa kuliko zote aliifanya miaka tisa iliyopita. Ndani ya wiki moja, watoto wachanga watatu walishikwa na homa kali wodini kwetu. Maabara ikakuta bakteria wa aina moja katika damu yao na kwenye sinki la kunawia mikono. Mnyonge hana haki: lawama zote zikamwangukia mama wa usafi. Akapewa siku tatu ajieleze, la sivyo kazi hana.

Mzee Koki aliomba asubuhi moja tu. Alimimina wino wa bluu kwenye tundu la sinki, akatandaza karatasi nyeupe juu ya meza ya kuandalia dawa iliyokuwa pembeni, kisha akafungulia maji. Karatasi ikajaa madoa ya bluu. Maji yalikuwa yakigonga tundu moja kwa moja na kuurusha uchafu hadi penye sindano za watoto. Akafungua bomba la chini. Lilikuwa limejaa utelezi mzito na majani ya chai. Bakteria walikuwa wakijilia sukari yetu humo raha mustarehe, mahali ambapo dekio lolote lisingefika.

Mama wa usafi akabaki kazini. Bomba la chini likasafishwa, koki ikahamishwa isigonge tundu, meza ikasogezwa. Watoto wawili walitoka baada ya wiki mbili. Wa tatu alikaa siku arobaini na moja. Mama yake alipombeba kwenda nyumbani, Mzee alijifanya anakaza nati mlangoni, macho yamemlowa.

Daktari mkuu aliuliza chai ile ilikuwa ya nani. Mzee alijibu kwamba yeye ni fundi wa mabomba, si wa watu.

Alijua. Asubuhi ile, alipofika na karatasi zake, alinikuta mimi, muuguzi wa zamu, nikimwaga masalio ya kikombe changu palepale. Kesho yake nilikuta ndoo ndogo yenye mfuniko kwenye chumba cha wauguzi. Hakuniambia neno, wala hakumwambia mtu.

Kwa miaka tisa nimewaacha wenzangu wadhani ni mgeni fulani. Sasa naandika mwenyewe: chai ile ilikuwa yangu. Mama wa usafi, siku tatu zile ulizolia zilikuwa za kwangu. Nisamehe.

Mzee wetu, asante kwa watoto wale watatu, na kwa kunisubiri. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi nyumbani.