Chuma cha Machage Kimehama

Pale Nyangoto, kwenye benchi la mabomba ya chuma mbele ya banda la kinyozi, Faraji huanza kumimina kahawa saa mbili asubuhi, na wasemaji huanza kabla yake. Siku hiyo kikao kilikuwa na mgonjwa. Machage, waliyempachika jina la Nondo tangu awekewe chuma pajani baada ya ajali ya pikipiki mwaka juzi, aliteleza jana yake mferejini, akaangukia goti la mguu uleule. Bodaboda ilimshusha benchini mapema, goti limevimba likaijaza suruali. Hospitali walimwambia zamani arudi kuangaliwa chuma, hakurudi. Alikumbuka miezi mitatu ya kulala chali akitazama mabati, akaapa hawamlazi tena. Leo alikuja kutafuta watu wa kumwambia kwamba si kitu, na alijua pa kuwapata.

— Mura, hiyo siyo goti, hiyo ni papai! — alianza Wangwe, aitwaye Injinia kwa heshima ya mashimo mawili ya dhahabu aliyochimba yakabomoka yote.

— Uvimbe wa kawaida tu, — alisema Machage. — Si ndiyo?

— Kawaida ya wapi? Chuma kimeteremka. Ulivyoanguka, kikatoka pajani kikakaa gotini.

— Kiteremkeje na kimefungwa skrubu? — aliuliza Faraji.

— Wewe mimina kahawa. Skrubu hazilegei? Baiskeli yako hailegei?

Mzee Osward, mwalimu mstaafu wanayemwita Bunge kwa sababu hampi mtu nafasi, alikohoa.

— Hakijateremka. Kimeshika kutu. Mwili una maji, una chumvi. Hiyo kutu ndiyo imejikusanya hapo.

— Dawa yake?

— Grisi.

— Ya kupaka au ya kunywa?

— Itategemea.

Machage alicheka na wenzake, maumivu yakampanda mpaka kiunoni, akang'ata mdomo. Hata hivyo kutu aliipenda. Hakuwahi kusikia mtu amelazwa kwa kutu.

— Tunabishana nini na mashine ipo? — Injinia akasema.

Akaenda kwake, akarudi na mashine yake ya kusakia dhahabu, ile inayolia ikipita juu ya madini au chuma. Akaipitisha pajani, ikalia. Gotini, ikalia zaidi.

— Mmesikia? Kimeteremka!

— Pima na ule mguu mzima, — akaagiza Bunge.

Mguu mzima nao ukalia. Wakatazamana.

— Kimehama, — alisema Bunge taratibu. — Kimevuka kwenda mguu wa pili.

— Kimepitia wapi, mwalimu?

— Kiunoni. Kingepitia wapi kwingine?

Faraji alilitazama lile benchi la mabomba, akafungua mdomo, kisha akaamua kuuza kahawa.

— Kwa hiyo goti halina chuma! — Machage alidakia kwa furaha.

— Halina kitu. Tulia wiki moja, litanywea lenyewe.

Tangu jana hakuwa amesikia neno tamu namna hiyo. Akaomba kikombe kingine. Ndipo akapita Agape, nesi wa zahanati, mgeni wa wiki tatu kutoka Moshi.

— Shikamooni.

— Marahaba, sista. Umechelewa, tumeshampima, — Injinia alisema, akamweleza safari yote ya chuma, kutoka pajani mpaka kiunoni na ng'ambo yake.

Agape alisikiliza bila kucheka. Akalitazama goti, akawatazama wao.

— Tangu asubuhi, nani amemwona akisimama?

Injinia alimgeukia Bunge. Bunge, kwa mara ya kwanza mwaka huo, alimwachia mwingine nafasi ya kusema. Faraji akaanza kusuuza vikombe visafi.

— Baba, hebu jaribu kuunyoosha mguu, — Agape alisema kwa upole.

Machage alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akakaza. Paja lilitetemeka, mguu haukunyooka. Jasho likamtoka. Wenzake wote walikuwa wanalitazama goti lake, na macho hayo yalimtisha kuliko kutu, kuliko kitanda cha hospitali, kuliko yote waliyoyasema.

— Siwezi, sista, — alisema. — Tangu jana siwezi. Na hawa wote, hakuna aliyeniuliza.