Mama Kope na Mtoto wa Mwisho Kwenye Foleni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliochelewa mkabaki kusimama huko nyuma juani, familia imempa mjukuu wa mwisho kazi ya kusoma haya, yule aliyeacha shule darasa la sita, kwa sababu waliomaliza wote wanalia na sauti haziwatoki, kwa hiyo tulieni mfaidi.

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu hamumjui kwa jina jingine ila Mama Kope, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, akaanza shule mwaka 1957 na kuishia darasa la nne, si kwa utundu kama huyu anayewasomea, bali kwa kizunguzungu, maana alikuwa akipanda ngazi za darasa anaona giza, akawa analamba udongo wa ukutani kwa siri, na hakuna aliyejua kwamba mwili ulikuwa unatafuta damu, wakamwita mvivu, wakamchapa, akarudi nyumbani.

Tarehe 17 Agosti 1968 alifunga ndoa na fundi cherehani, babu yetu, aliyetutoka mwaka 2003, mtu mpole aliyekuwa akijisifu kwamba ameoa mke na askari kwa mahari moja, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote wako hapa mbele, akiwemo baba mkubwa anayesinzia, hebu mguseguseni.

Mwezi Februari 1983 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya msingi, akapika uji mpaka mwaka 1991, ulipokuja mradi wa lishe, likajengwa tanuri la matofali, akaanza kuoka biskuti za unga wa mtama na kunde, zilizochanganywa na unga wa madini ya chuma uliokuja kwenye kopo pamoja na kijiko chake, kwa ajili ya watoto waliopungukiwa damu, waliokuwa wakisinzia darasani na kuanguka paredi. Afisa lishe alimfundisha kuuvuta ukope wa chini wa mtoto, ndani kukiwa kwekundu damu ipo, kukiwa kweupe hakuna, na tangu siku hiyo hakuna jicho lililosalimika, kila mtoto alivutwa ukope pale dirishani, akapewa biskuti, akaila mbele yake mpaka imeisha, bila chai, kwa sababu chai inakizuia chuma kuingia mwilini, na hata kwenye harusi ya shangazi alimvuta bwana harusi ukope mbele ya wageni, akasema, "Huyu apewe maini kwanza, mambo ya ndoa baadaye."

Ila kazi ile ilimfanya aache kuwatambua watoto kwa sura, akawa anawatambua kwa kope, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo baba mkubwa alitaka lirukwe, na ambalo mwenyewe marehemu aliagiza lisomwe.

Muhula wa pili wa mwaka 1992 walikuwa wakija dirishani mabinti wawili wa darasa la pili, sura moja, mmoja akiwahi mwanzo wa foleni, mwenye kope nyekundu na mdomo usiofunga, mwingine akija wa mwisho kabisa, wakati wenzake wamekwisha kutawanyika, mwenye kope nyeupe kama chokaa, haongei, anainua tu uso avutwe, na shavu lake lilikuwa la baridi ingawa alisimama karibu na mdomo wa tanuri, na akila haangushi chembe hata moja. Mama Kope akasema moyoni, hawa ni pacha, na huyu wa pili ana haya, akamchagulia biskuti iliyo nene, akamwambia, "Kula, mwanangu, utapata rangi," na kweli, wiki baada ya wiki, kope zile zikaanza kushika rangi, akatamba jikoni mpaka msaidizi wake akachoka kusikia habari za mweupe wake.

Afisa lishe alipokuja kupima damu, yule binti mwenye mdomo alianguka kwenye mstari, wakamvuta ukope, mweupe, afisa akasema, "Dawa ya minyoo amepewa, biskuti anakula kila siku, sasa damu inakwenda wapi?" Mama Kope akajibu kwamba wamekosea mtoto, mgonjwa ni pacha mwenzake, na tena sasa anaendelea vizuri sana, amemlisha kwa mikono yake. Mwalimu wa darasa akasema taratibu, "Mama, pacha mwenzake tulimzika kwa upungufu wa damu, kabla hata tanuri hilo halijajengwa."

Wanaotaka kucheka wacheke sasa, maana marehemu hakucheka, alirudi jikoni akakaa juu ya gunia la unga, kwa kuwa alielewa kabla ya afisa na mwalimu kwamba wekundu ule alioufurahia muhula mzima ulikuwa unatoka kwa mtoto aliye hai, na kwamba akiendelea kumlisha mmoja atamzika mwingine, naye katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtoto chakula.

Kesho yake yule aliye hai aliletwa ameshikwa mkono, akala, akaondoka, foleni ikaisha, na mwingine akaja, akainua uso mwenyewe kama alivyozoea, Mama Kope akauvuta ukope, ukawa mwekundu kuliko wa mtoto yeyote pale shuleni, akairudisha biskuti kwenye sinia, akasema, "Leo hapana, mwanangu, nami sitakudanganya kwamba hazijabaki, ila hizi ni za walio huku, wewe nisubiri, nikimaliza kazi ya huku nitakuja kukupikia." Mtoto hakulia, alikwenda kusimama kwenye ukuta wa tangi la maji, na yule aliye hai akapona kabla muhula haujaisha. Tangu hapo msaidizi wa jikoni alikuwa akimsikia marehemu, kila akipita pale kwenye tangi, akisema, "Bado kidogo," na akidhani anayeambiwa ni yeye anazidisha kasi ya kuosha masinia.

Alistaafu mwaka 2009, na Novemba iliyopita kizunguzungu cha utotoni kikamrudia, akalazwa, akaongezewa damu mara kwa mara, lakini haikukaa, na muuguzi aliyemvuta ukope akakuta weupe mtupu ni yule yule pacha aliyepona, aliyeketi hapa mbele leo kwa sare yake, na ndiye anayeshuhudia kwamba asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2014, saa za mapumziko ya shule, marehemu aliketi kitandani akaomba aproni yake, muuguzi akamuuliza, "Bibi, unakwenda wapi na hali hii?" akajibu, "Nimemchelewesha mno," akafunga kamba za aproni mwenyewe, akalala, basi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, mwalimu mkuu na walimu, afisa lishe aliyesafiri usiku kucha kuja hapa, wapishi wenzake, na majirani mliotuletea viti na maji, na inawatangazia wabebaji, hasa ninyi wenye vifua vya kujionyesha, msije mkaliangusha jeneza mkisikia kitu kinagonga ndani, ni sinia, kijiko na kopo la unga, baba mkubwa alikataa, shangazi zetu wakamshinda.

Wengine huombewa mapumziko, bibi, nawe tunakuombea, lakini kwanza mpe yule mtoto chakula chake, ashibe, ndipo ulale.